Beringi za Arobaini

Binti aliyepiga hodi kwangu Jumanne ile alikuwa na masikio ya baba yake, makubwa kidogo, yaliyosimama mbali na kichwa, nami niliyatambua kabla hajataja jina. Aliletwa na mjomba wake, mfanyabiashara wa vitenge ambaye hupita hapa Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi Uganda, mara moja moja akitokea Kigoma. Alinisalimu kwa kupiga goti kidogo, akasema anaitwa Neema, ana miaka kumi na saba, na kwamba baba yake, Etiene, alifariki mwezi wa pili kwa ugonjwa wa ini. Nikamwingiza ndani. Nilimpikia bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikakaa nikimtazama akila, nikamuuliza amezikwa wapi, nani aliimba, mama yake yu hali gani. Alijibu yote kwa adabu. Kisha akaniuliza kama ni kweli baba yake aliwahi kutengeneza trekta lililokufa hapa kwetu. Nikasema ni kweli, nikamsimulia kwa robo saa, hadithi nzuri yenye mvua na nyimbo za wazee. Alipoondoka na mjomba wake niliketi mlangoni hadi chai ikapoa mkononi. Nilikuwa nimempa nusu tu. Nusu iliyobaki haikufaa kuelezwa mtoto aliyefiwa, kwa hiyo naiandika hapa.

Mwaka ule wa tisini na saba nilikuwa na miaka ishirini na saba. Asubuhi nilifundisha hesabu chini ya turubai, na mchana nilikuwa mwandishi wa kikundi cha wakulima wa kanisa letu, familia thelathini hivi zilizotoka Kivu ya Kusini huko Kongo, tuliopewa viwanja upande wa bondeni ambako udongo ukikauka unakuwa kama tofali. Tulivunja mipini ya majembe hadi tukaacha kuhesabu. Ng'ambo ya mpaka wa makazi aliishi mfugaji wa Kinyankole aliyeitwa Mzee Karegyesa, naye alikuwa na trekta la buluu lililolala miaka mingi nyuma ya zizi lake, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mwenyekiti wetu, Pasta Wilondja, alikwenda kuzungumza naye, nami nikamfuata na daftari langu. Mzee alitupa maziwa katika vyombo vya mti vyenye harufu ya moshi, akatuacha tunywe hadi mwisho, ndipo akasema, kwa Kiswahili kile cha sokoni na cha askari ambacho wenyeji wengi walikijua: "Nyinyi iko na fundi?" Pasta akajibu kwamba tunaye. "Basi chukua. Mashine ikilia, nyinyi nalima kwanza kilima yangu, halafu inakuwa yenu. Lakini mvua nakuja mwezi ya tisa. Kama mvua nafika na mashine bado nalala, mimi nauza kwa watu ya chuma." Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wameshapita kwake mara mbili, na tulijua hatanii. Tukalivuta trekta kwa ng'ombe wake kumi hadi upande wetu, watoto wakilifuata kama wanafuata arusi.

Fundi mwenyewe alikuwa Etiene. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, mtu wa sauti ya chini, asiye na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kwao alitengeneza matrekta ya shamba la miwa katika bonde la Ruzizi, na wote tulimwita Mekanisye. Siku risasi zilipoanza Uvira alikuwa kazini na mke wake Riziki alikuwa sokoni, na hawakuonana tena. Alikuja Nakivale kwa sababu mtu alimwambia kwamba watu wa mtaa wao walikimbilia huku. Hawakuwa huku. Miezi ya kwanza alimuuliza kila mgeni aliyeshuka kwenye lori, halafu nikaona ameacha kwenda kwenye malori. Hayo niliyajua kama kila mtu alivyoyajua, maana kambini huzuni ya mtu haina mlango.

Kibanda cha trekta kilikuwa cha nguzo nne na nyasi juu, wazi pande zote, na ndani yake meza ya mbao mbili ambapo Etiene alipanga kila msumari alioutoa. Wanawake wa kikundi walipeana zamu ya kumpikia chakula cha mchana. Zamu yangu ilikuwa Jumatano. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nimechukua Jumatatu ya mama mmoja mwenye kichanga na Ijumaa ya mwingine aliyelalamika mgongo, na hakuna aliyeniuliza kwa nini, au waliuliza nilipokuwa sipo. Nilimletea bugali ya mahindi na lengalenga, mchicha wa kwetu, siku nyingine maharage yenye mawese kama yalipatikana. Alinawa mikono kwa majivu na maji, tukala tukiwa tumekaa juu ya tairi. Akila alinionyesha kazi ilipofika. Nakumbuka hasa siku alipoitoa krankshafti, ule mti mzito wa chuma uliopindapinda ambao pistoni za injini huusukuma ukazunguka. Yeye aliuita vilebreke, kwa Kifaransa cha gereji zao. Alinionyesha shingo zake nne, sehemu za mviringo zinazozunguka ndani ya beringi, na akaniwekea beringi zenyewe, kusine kwa lugha yake, kiganjani. Nilitarajia zile za gololi, kumbe zilikuwa maganda mawili mawili ya nusu duara, mepesi, yanayokumbatia shingo kila moja upande wake. "Unaona, Mwalimu? Hii ya tatu imekulwa mupaka shaba inaonekana. Njo ilikuwa inagonga." Mgongoni mwa kila ganda palikuwa pamepigwa chapa ndogo, 020.

Alinieleza maana ya namba ile, nami nilifurahi kwa sababu ilikuwa hesabu. Shingo ikilika, fundi wa mashine huichonga iwe laini tena, na kila ikichongwa inakonda. Kwa hiyo beringi yake lazima inenepe ili kuziba nafasi. Kuna ya kawaida kwa injini mpya, kuna ya kumi, ya ishirini, ya thelathini, na mara chache ya arobaini, zikihesabiwa kwa sehemu za elfu za inchi. Ya ishirini ilimaanisha kwamba krankshafti yetu ilishawahi kuchongwa. Ukikosea ukaweka nyembamba, mafuta yanakimbia na injini inajigonga hadi inavunjika. Ukiweka nene, inakamata na kuungua. Nilimuuliza utajuaje ipi. Akajibu, "Inapimwa. Kule kwetu kulikuwa mashini ya kupima, na mutu wa dipo anakupatia. Hapa niko na macho na ukucha."

Kwenda mjini Mbarara kulihitaji karatasi ya ruhusa. Karatasi za Etiene zilikuwa bado hazijatoka, na ofisini walikubali mtu mmoja tu wa kikundi, siku mbili. Nikatumwa mimi. Krankshafti ilikuwa mzigo wa wanaume wawili, kwa hiyo nilibeba maganda ya zamani tu, nimeyafunga kwenye leso. Etiene alisita sana. "Namba ku mugongo inasema kusine ilikuwa gani," aliniambia, "haisemi vilebreke iko namna gani leo." Lakini tulikuwa tayari mwezi wa saba na hakukuwa na njia nyingine, akasema basi, ninunue kama ilivyoandikwa. Kikundi kiliuza maharage, nikaenda, nikaingia duka la vipuri karibu na soko, kijana wa dukani akasoma 020, akanipa boksi. Nilirudi nikijiona shujaa. Etiene aliyapangusa maganda mapya, akatwanga risasi aliyoomba kwa wavuvi wa ziwani, ile ya kuzamishia nyavu, hadi ikawa uzi mwembamba. Akaulaza uzi juu ya shingo, akafunga beringi kwa nguvu yote ya spana, akafungua. Uzi uliobanwa ungeonyesha nafasi iliyobaki. Akaomba karatasi ya daftari langu. Ilitakiwa risasi iwe nyembamba kuliko karatasi moja. Ilikuwa sawa na mbili. Kwenye shingo ya tatu ilikaribia tatu.

Wazee waliitwa. Walikaa juu ya magogo mbele ya kibanda, na mimi nikaandika. Wengi waliona kwamba beringi mpya zimenunuliwa, namba ni ile ile, kitu kinachobaki ni kufunga. Pasta Wilondja, ambaye nilimheshimu na ninamheshimu hadi leo ingawa ametangulia, alisema kwa upole, "Mekanisye, funga, na siye tutaomba. Mungu alitupatia hii trakta, hataiacha." Etiene alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Akasema, "Papa Pasta, kuomba tutaomba. Lakini nikifunga hivi, itatembea siku mbili, ya tatu itajivunja. Mutakuwa mumepoteza trakta, na bantu batasema Mungu njo aliwaangusha. Miye siwezi kumuekea Mungu ile muzigo." Pasta aliinuka akaenda nyumbani. Nilidhani amekasirika. Kumbe kesho yake alfajiri alikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi, akakaa siku mbili na Biblia yake mapajani, hadi akarudi na karatasi ya ruhusa ya watu wawili kwa siku kumi, mimi na Etiene.

Zile siku kumi. Nimeishi miaka kumi na minane tangu hapo. Niliolewa, mume wangu ni mtu mwema, nimefundisha watoto waliokuja kuwa waalimu. Bado nikisikia mtu anasema Nyamitanga, mtaa mmoja wa Mbarara, nasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Tulifika Mbarara nyuma ya pikapu ya ndizi, krankshafti imefungwa kwenye magunia kama maiti ya mtu mfupi. Karakana tuliyoelekezwa ilikuwa chini ya kilima cha Kamukuzi, chumba kirefu chenye harufu ya mafuta na chuma kilicholowa, na mwenyewe aliitwa Mzee Bamwine. Alikuwa amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa na alijifunza kazi katika magari ya jeshi. Alipangusa shingo, akatoa maikromita kutoka kwenye kisanduku kilichotandikwa kitambaa, akapima kila shingo mara nne, mwanzo na mwisho, kwa wima na kwa upana, akinitajia namba kwa kuwa aliona nina daftari. Nilipoziandika niliona mwenyewe kabla hajasema. Shingo hazikuwa duara tena. Upande mmoja ni hivi, upande mwingine ni vile, kama yai. Tatu kati ya nne zingeweza kuchongwa zikafika thelathini. Ile ya tatu ilikuwa imelika hadi imeshapita thelathini.

"Nani naambia nyinyi nunua ishirini?" aliuliza Mzee Bamwine. Nikasema ni mimi. Hakunicheka, akaniita mama kwa lugha yao. "Nyabo, ile namba ya nyuma ni historia. Shafti ndiyo nasema ukweli. Hii yote nataka arobaini." Akatutuma kwenye duka. Kijana yule yule alikubali kubadilisha boksi, lakini alikuwa na thelathini tu. Arobaini zingeagizwa Kampala, basi lingezileta baada ya wiki nzima, labda. "Chukua thelathini," alisema, "hapo kwa namba tatu weka bati ya pakiti ya sigara nyuma ya beringi. Watu wote nafanya hivyo. Inaenda tu." Tukatoka nje tukasimama kwenye vumbi. Nilidhani Etiene atakataa palepale. Kumbe alikuwa akihesabu siku: wiki moja ya kungoja, siku mbili za kuchonga, siku za kufunga, mvua, wanunuzi wa chuma. Akasema polepole, "Pengine bati itafaa. Kwa musimu moja tu." Nami nikamwambia, "Mekanisye, uliwaambia wazee nini? Tungoje." Alinitazama, akacheka kidogo, akasema haya, Mwalimu amesema. Mara nyingi nimejiuliza kama nilisema vile kwa ajili ya injini. Nilijua beringi ya bati ni uongo, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba nilisikia neno wiki nzima, na moyo wangu ukakaa chini kama mtu aliyeletewa kiti.

Nililala Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwa Mama Sifa, mwanamke wa Bukavu aliyepika katika shule moja ya Wakatoliki. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, magunia ya posho, unga wa mahindi wa huku, ukutani, na dirisha dogo lililotazama jiko la shule ambapo masufuria makubwa yalichemka toka asubuhi. Etiene alipewa kona katika karakana, akawa anamsaidia Mzee Bamwine kazi za siku, na kila jioni jua likiwa bado liko alivuka daraja kwa miguu akaja kula nasi. Mama Sifa alimpakulia kwa wingi akimwambia mekanisye mwembamba anawatia watu wasiwasi. Tulikula posho na maharage ya shule, siku moja karo, ugali mzito wa ulezi ambao Mama Sifa alipewa na jirani, ukatushinda kuumega vizuri, tukacheka. Siku ya tatu nilikwenda karakana kumpelekea shati nililomfulia. Mashine ya kuchonga ilikuwa inazunguka, maji yake meupe kama maziwa yanatiririka, na hawakunisikia. Mzee Bamwine alikuwa anamuuliza, "Na bibi yako? Iko wapi?" Etiene akajibu, "Nilimutafuta, Muzee. Sasa nimechoka kutafuta. Kama hii trakta inatembea, nitalima, nitabaki hapa." Nililiweka shati juu ya benchi nikarudi. Njia nzima ya darajani sikuona watu. Niliona nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, na nani atalala wapi, na meza.

Jumapili ilikuwa siku ya tano. Mama Sifa alikuwa kwenye misa, nami nilikuwa nafua kwenye bomba la nje. Wanawake wawili walikuja kuteka maji, wakiongea Kiswahili cha kwetu. Mmoja alikuwa mgeni, amefika wiki hiyo akitokea Tanzania, anamsimulia mwenzake habari za kambi ya kule Kigoma, nani yuko, nani alikufa njiani. "Na kuko mwanamuke mumoja wa Uvira," alisema, "Riziki. Kila mutu mwenye anataka kusafiri, anamufuata: ukifika kule, utaniulizia bwana yangu, Etiene, mekanisye wa matrakta. Bantu banamwambia aache, pengine alikufa. Anakatala." Mikono yangu ilikuwa ndani ya povu. Nilitaka awe Etiene mwingine. Nikanyanyuka, nikamwamkia yule mama, nikamuuliza kama huyo bwana ana alama yoyote. "Anasema hana kidole kidogo cha mukono ya kushoto," alijibu. "Unamujua?" Nikasema, "Nitauliza watu wa kwetu." Akanishukuru. Wakajitwisha ndoo zao wakaenda.

Etiene alikuja mapema siku ile, na samaki mkubwa aliyefungwa kwenye jani la mgomba. Alikuwa amelipwa kidogo na Mzee Bamwine na alitaka sote tufurahi. Mama Sifa alimpika kwa nyanya na vitunguu, akatoa sahani zake nzuri. Etiene alisimulia juu ya bosi wao mmoja wa zamani aliyeogopa vyura, akaiga namna alivyoruka, na nilimwona anacheka hadi machozi, jambo ambalo sikuwa nimeliona mwaka mzima. Nilijiambia, acha ale kwanza. Alipomaliza nilijiambia, kesho. Kesho yake nilijiambia beringi zikifika, kwani akili yake ikihama sasa nani atasimamia kuchonga? Zilipofika, siku ya nane, boksi jipya lenye 040 mgongoni, niliyashika maganda moja baada ya jingine nikijiambia tufike nyumbani kwanza. Tulipofika nyumbani nilijiambia ni mvua, familia thelathini, watoto. Kila sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Hivyo ndivyo nilivyoweza kulala.

Nilimwambia siku ya kumi na moja baada ya Jumapili ile, na hakuna kilichonilazimisha. Ilikuwa saa nne asubuhi. Etiene alikuwa ametwanga tena uzi wa risasi, amefunga, amefungua, na akaniita nilete karatasi ya daftari. Safari hii risasi ilikuwa nyembamba kuliko karatasi, shingo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote sawasawa. Alitabasamu akaniambia, "Mwalimu, ulifanya vizuri kutungojesha." Sikuweza kulibeba neno lile. Nikasema, "Mekanisye, Riziki yuko hai. Yuko Kigoma. Anakutafuta." Nilimweleza bomba, wale wanawake, kidole. Alibaki ameshika spana. Baadaye akauliza, kwa sauti ile ile ya chini, "Ulisikia siku gani?"

"Jumapili. Kule Nyamitanga."

Alifikiri. "Ile siku tulikula samaki."

"Ndiyo."

Niliingoja hasira yake. Ningeipokea kwa shukrani. Lakini aligeuka akaitazama injini iliyokuwa wazi mbele yake, akaweka tone la mafuta kwenye shingo ya kwanza, akarudisha ganda mahali pake. "Tuifunge hii kwanza," akasema. Na tukaifunga. Nilimshikia boliti moja moja, siku hiyo na iliyofuata, na hakuwa mkali kwangu hata mara moja. Ila alipoketi kula aliketi juu ya tairi peke yake, nami nikawarudishia wale mama Jumatatu na Ijumaa yao. Zamu yangu ikawa tena Jumatano.

Injini iliwaka Ijumaa, baada ya kukohoa moshi mweusi uliowafukuza watoto. Etiene alisimama ameegemeza sikio kwenye mpini wa bisibisi, ncha yake ikigusa ubavu wa injini, akisikiliza kila beringi, na wazee walisimama nyuma yake wamevua kofia. Alipoinua kichwa akaashiria ndiyo, Pasta Wilondja alianzisha wimbo. Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne baadaye. Kilima cha Mzee Karegyesa kililimwa, halafu viwanja vyetu, Etiene akiendesha mwenyewe, na jioni alinifundisha mimi na Pasta kupima mafuta, kuyabadilisha, kuitambua sauti nzuri na mbaya. Trekta lile lilitulimia misimu tisa bila kufunguliwa tena. Karatasi zake za kuvuka kwenda Tanzania zilichukua majuma matatu. Alipanda lori asubuhi yenye ukungu, amevaa shati lile nililomfulia, akanipa mkono kama alivyowapa wengine wote. Kisha akarudi hatua mbili akanipa tena. Sikumwona tena katika maisha haya.

Lakini siku ninayoirudia zaidi si ile ya lori. Ni Jumamosi iliyofuata kuwaka kwa injini. Kulikuwa na mhubiri aliyekuwa anasafiri kuelekea Kigoma, na Etiene alitaka barua imtangulie. Alijua kusoma, ila mwandiko wake ulikuwa mbaya tangu alipokatwa kidole, maana alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Akaja kwangu mchana. Nilikuwa na chumba kimoja, kiti kimoja na kitanda. Nilimpa kiti, mimi nikaketi juu ya debe, daftari gotini. Aliongea akitazama ukuta na mimi nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, kwenda kwa mwanamke yule. Niko muzima. Niko Uganda, fasi moja inaitwa Nakivale. Sikuoa. Usitoke pale uko, miye njo nitakuja. Kila neno nililiandika polepole ili lisomeke. Aliponyamaza nilidhani amemaliza, nikamsogezea kalamu aweke sahihi.

"Bado," alisema. "Umuandikie kwamba weye njo ulisikia jina yake. Umuandikie kwamba bila weye singejua."

Nikaandika. Kisha nikainua kalamu nikangoja, maana palikuwa na siku kumi na moja nilizomficha ambazo zilipaswa kuandikwa pale, na ilikuwa haki yake kuzisema. Alikuwa ananitazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya kibandani, na macho yake yalikuwa yamechoka lakini hayakuwa na ubaya.

"Imetosha," akasema. "Weka na jina yako."

Nikaliweka.